Hodi Kwenye Mlango wa Kuzimu

Paukwa!

Pakawa!

Mkifika kwangu mtafanya nini?

Tutapiga hodi!

Nisipoitikia?

Tutapiga tena!

Haya, kaeni vizuri, anayekuna mguu amalize kukuna. Hadithi hii nimeuziwa hivi hivi nami nawauzia hivi hivi. Anayeona imezidi chumvi akamlaumu bibi yangu, na bibi yangu hayupo.

Hapo zamani, katika mji wa Kitongani, palikuwa na mjane mmoja akiitwa Bi Mwanakombo. Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Mize. Bi Mwanakombo hakuwa tajiri na hakuwa fukara. Mji mzima ulimjua kwa jambo moja, ukali wake juu ya hodi.

Kwake mtu hakuingia ila kwa hodi. Apige mara tatu, kwa kituo, na asipoitikiwa ageuke arudi alikotoka, maana ndiyo desturi. Hata Mize, aliyezaliwa ndani ya nyumba ile ile, akirudi kisimani na mtungi kichwani ilimbidi asimame nje ya kizingiti apige hodi. Akisahau akaingia kama mbuzi, mama yake hakumgombeza. Aliinua mkono tu, akanyoosha kidole kuelekea njiani. Maana yake: rudi, anza upya. Mize hurudi mpaka njiani na mtungi wake, maji yanamchuruzika mgongoni, shingo inamuuma, kisha huja tena.

Majirani walicheka. Walisema Bi Mwanakombo angeweza kupiga hodi hata bandani kwa kuku wake. Yeye aliwaambia mlango ni uso wa mwenye nyumba, na mtu mwenye adabu hapiti usoni pa mwenzake bila neno. Mize aliuchukia mtindo ule. Alikwisha kuwa mwanamwali, posa zinakuja, na bado anarudishwa njiani kama mtoto.

Basi, siku moja Bi Mwanakombo akashikwa na homa, na homa ile haikumwacha. Akafa.

Akaja Bi Kidawa, mwosha maiti wa mji ule. Akachimba ufuo chumbani, ule mfereji wa kupokelea maji ya kuoshea maiti. Akamwosha, akamvika sanda, watu wakamchukua wakamzika. Ufuo ukafukiwa. Matanga yakakaliwa, yakaondolewa. Watu wakarudi makwao, na Mize akabaki na nyumba.

Siku moja Mize alikuwa akisuka ukili wa mkeka. Akataka kukumbuka jinsi mama yake alivyokuwa akiitikia hodi. Maneno aliyapata, sauti hakuipata. Akaitafuta asubuhi, akaitafuta mchana, akaitafuta alasiri. Sauti haikuwamo tena kichwani mwake.

Siku nyingine akiwa kisimani, uso nao ukatoweka. Aliukumbuka ushungi wa mama yake, na namna alivyoubana chini ya kidevu. Ndani ya ushungi hapakuwa na kitu. Mize akaingiwa na hofu ambayo hajapata kuijua. Akauacha mtungi pale pale kisimani, akakimbia kwa Bi Kidawa.

Alifika mlangoni akapiga hodi, hata katika hofu ile, kwa sababu mazoea yana taabu. Akakaribishwa. Akaeleza yote.

Bi Kidawa hakuwa mtu wa maneno mengi, kwa kuwa wateja wake hawakuwa watu wa kuzungumza. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kila mtu husahau, lakini usahaulifu huja polepole, kama rangi ya kanga inavyochuja. Huu wa Mize ulikuja kwa kasi, na kilichokuja hivyo si usahaulifu.

"Huko ni kuliwa," akasema Bi Kidawa. "Mama yako hajafika. Yuko nje ya mlango, na kuna kitu kinamla. Kimekula sauti, kimekula uso, kimebakiza jina. Kikila jina amekwisha. Wewe hutajua kama ulikuwa na mama, wala yeye hatajua kama alikuwa mtu."

Mize akauliza ni mlango gani. Bi Kidawa akamwambia kwamba chini huko kuna nyumba, na mwenye nyumba ni mwanamke. Wafu wote huenda kwake, kama vile watu wote walivyotoka kwa mama zao. Jina lake ni nani? Hapo Bi Kidawa akacheka kidogo. Alisema kila watu wana jina lao, na yeye hajapata kuulizwa jambo hilo na maiti.

"Mimi kazi yangu kuosha," akasema. "Njia siijui. Maji ndiyo yanayoijua."

Basi Mize akaona haiwezekani aende mlango wa mtu bila kujua jina lake. Akaenda kuulizia.

Akaenda kwa mganga wa mizimu, pangoni. Mganga akamwambia, "Anaitwa Tumbo la Nchi. Wengine watakwambia vingine, usiwasikilize, wamepotea."

Akaenda kwa mzee mmoja wa dhikri, aliyekuwa akitajataja huku mwili ukimyumba mpaka machozi yakamtoka. Mzee akamwambia, "Anaitwa Bibi Rehema. Wengine watakwambia vingine, usiwasikilize, wamepotea."

Akaenda kwa mwanamke mgeni aliyeishi peke yake kilimani, akifunga kula na kuwasha taa mchana mweupe. Mgeni akamwambia, "Anaitwa Mama wa Mikono Mia. Wengine watakwambia vingine, usiwasikilize, wamepotea."

Mize akarudi nyumbani na majina yake matatu. Akafukua ufuo. Akamimina maji. Maji hayakutuama, yalishika njia kama mtu anayejua aendako. Udongo ukaachia, na Mize akayafuata.

Akaenda, akaenda, akaenda. Kwenye giza akaenda, kwenye baridi akaenda, mahali pasipo na sauti hata ya unyayo wake mwenyewe akaenda. Kisha akatokea kwenye uwanja mpana, wenye mwanga wa alfajiri isiyokucha. Mbele yake ilisimama nyumba kubwa nyeupe. Nje ya nyumba walikaa watu wengi kama mchanga, chini, kimya, kama watu wa matangani waliosahau nani amekufa.

Na barazani palikaa Zimwi.

Tumbo lake lilimwagika mpaka magotini. Nywele zake zilifagia sakafu. Lakini kinywa chake kilikuwa kidogo, kimebanwa kama kinywa cha mtu aliyebugia maji na kuogopa kucheka. Likisema, lilisema kwa kubana midomo, na kiganja mbele.

Mize akajibanza pembeni atazame. Mara akafika mfu mpya, mvulana mchunga ng'ombe, nywele bado zina maji ya kuoshwa. Akaukaribia mlango. Alikuwa anafungua kinywa aseme jambo, Zimwi likamuwahi.

"Mwenye nyumba hii jina lake nani?"

Mvulana alikuwa na adabu, na mtoto mwenye adabu akiulizwa na mkubwa hujibu. Akataja jina alilofundishwa kwao.

"Siye huyo," likasema Zimwi. "Kaa chini."

Likavuta pumzi, fyonzo moja kama mtu anayeonja uji, na sauti ya mvulana ikaliingia tumboni. Mvulana akakaa chini na wenzake, mkono kooni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kila mtu, hata aliyekuja na hodi mdomoni. Waliosema Tumbo la Nchi walikaa upande wao, waliosema Bibi Rehema upande wao, waliosema Mama wa Mikono Mia upande wao. Na majina mengine yalikuwako ambayo Mize hajawahi kuyasikia, nayo yana upande wake. Kila kundi liliamini kwamba ni wale wengine waliomuudhi mwenye nyumba mpaka mlango haufunguki. Wakagombana. Sauti hawana, kwa hiyo waligombana kwa vidole na kwa kurushiana mchanga. Zimwi liliwatazama kwa furaha, maana watu wanaogombana hawaendi popote.

Mize akapita katikati yao akimtafuta mama yake. Atamjuaje? Nyuso nyingi zilikwisha kuliwa, zimebaki laini kama kitako cha sahani. Akatazama mikono.

Akaona mikono miwili inasuka. Haikuwa na miyaa, ilisuka hewa, juu, chini, juu, na gumba la kushoto lilikuwa na kovu la kisu cha kuchania miyaa. Mize akaishika. Mikono ikaacha kusuka. Ikamfinya viganja kwa nguvu, kisha ikampapasa shingo, pale palipokuwa pakiuma kwa mtungi.

Mize alilia. Hakuona haya, nani wa kumwona? Akasimama, akaenda moja kwa moja mpaka kizingitini.

Zimwi likamnusa. "Wewe hujafa," likasema. "Umefuata nini?"

Mize akasema amemfuata mama yake, naye anataka mama aingizwe ndani.

"Mwenye nyumba hii jina lake nani?" likauliza Zimwi. "Nakupa mara tatu, mimi si mchoyo. Ukipata, mama yako anaingia. Ukikosa, lile jina lililobaki ni langu."

"Tumbo la Nchi," akasema Mize.

"Siye huyo." Zimwi likafyonza kidogo, na Mize akahisi jina la mama yake linalegea kinywani mwake, kama jino la mtoto.

"Bibi Rehema."

"Siye huyo." Likafyonza tena. Mize akajaribu kulitamka jina moyoni. Alilishika mwishoni tu, kombo, kombo, na hilo nalo lilikuwa linateleza.

Likabaki jibu moja. Mize akafungua kinywa, kisha akageuka amtazame mama yake, amwone angali bado ana jina.

Yule asiye na uso alikuwa amesimama. Alikuwa ameinua mkono. Kidole kimenyooka kuelekea njiani.

Mize alikijua kidole kile kuliko alivyokijua kitu kingine chochote duniani. Ndipo akajitazama miguu. Alikuwa amesimama kizingitini pa watu, kama mbuzi, na hajapiga hodi.

Basi akageuka. Akaondoka pale kizingitini, akakatiza katikati ya wafu, akarudi njiani.

"Unakwenda wapi?" likasema Zimwi. "Hujanijibu la tatu."

Mize aliendelea na mwendo. Alifika njiani, akanyoosha shingo, akaanza upya. Akaja kwa mwendo wa mgeni, akasimama nje ya kizingiti, uso ameuelekeza mlangoni.

"Hodi," akasema.

Zimwi likachekea ndani ya kiganja. Ndani ya nyumba kimya.

Mize akangoja kwa kituo, kama alivyofundishwa. "Hodi," akasema.

Zimwi halikucheka tena. Likasema humo ndani hamna mtu, halijapata kumwona mtu akitoka. Mize aliona vumbi la barazani lina nyayo za Zimwi huku na huku, lakini juu ya kizingiti hapakuwa na hata unyayo mmoja. Lilikuwa halijapata kuingia. Jina la mama yake sasa limebaki kama harufu tu. Akangoja, ingawa kungoja kulimuuma.

"Hodi," akasema mara ya tatu.

"Karibu," ikaitikia sauti ya ndani.

Mlango ukafunguliwa. Haukuwa na komeo, haukuwa na kufuli, uliegeshwa tu. Akatokea mwanamke wa makamo aliyejifunga kaniki, mikono ina unga. Nyuma yake ulionekana ua mpana, kisima, mikeka imetandikwa, na moshi wa jikoni. Akawatazama wale watu wengi kama mchanga.

"Mbona mmekaa nje?" akasema. "Chakula kimepoa."

Hakuna aliyeweza kumjibu. Mize, ambaye bado alikuwa na sauti, akamweleza kwamba walikuwa wakiulizwa jina lake. Mwanamke akasema yeye alikuwa ndani akisubiri hodi. Alisikia vurugu, akadhani wana mazungumzo yao, wakiyamaliza watabisha. Si desturi kumwita mtu ambaye bado yuko njiani kwake.

Kisha akaligeukia Zimwi. Akaliuliza nalo je, siku zote hizi linakalia baraza la watu halijapiga hodi?

Zimwi likainamisha kichwa. Likasema, kwa ile midomo iliyobanwa, kwamba duniani liliingia kila nyumba kwa kuvunja mlango. Lilipofika hapa likakuta mlango hauvunjiki, na jina la mwenyewe halilijui. Likaanza kuwauliza wageni, labda mmoja analijua. Wageni hawakujua, lakini walikuwa watamu.

"Basi piga," akasema mwanamke.

"Siwezi."

"Piga. Mtoto mdogo anaweza."

Zimwi likajitahidi. Sasa jaribuni nyinyi kusema hodi kwa midomo iliyobanwa, muone. Haitoki. Lazima ufungue kinywa. Likafungua kidogo, ikatoroka sauti moja. Likafungua zaidi, zikatoka sauti kumi. Likafungua kinywa chote likasema hodi, na tumbo lote likamwagika: sauti, nyuso, majina, vikapaa juu ya uwanja kama kuku waliofunguliwa banda, kila kimoja kikatua kwa mwenyewe. Lilipomaliza, Zimwi lilikuwa dogo kama mtoto wa kutambaa, na hodi yake ilikuwa hodi ya panya.

"Karibu," akasema mwanamke. "Ila utaingia nyuma ya wageni wako."

Wazee wa yale makundi, sauti zao ziliporudi, hata salamu hawakutoa. Walimuuliza mwanamke jina lake ni lipi hasa katika yale, wajue nani alikuwa na haki.

"Sijapata kuacha kuitika," akasema. "Ingieni mle chakula."

Wakatazamana. Wakapiga hodi, mmoja mmoja, kila mtu kwa lugha yake. Na kila mmoja aliitikiwa. Yule mvulana mchunga ng'ombe alipiga yake kwa sauti kubwa mno, kwa furaha ya kuwa nayo.

Bi Mwanakombo alikuwa na uso wake. Mize akamtazama macho, pua, kidevu, ushungi, asitosheke. Alitegemea mama yake aseme neno kubwa.

"Ulisimama kizingitini bila hodi," akasema Bi Mwanakombo. "Nimekuona."

Mize akacheka na kulia pamoja, akamkumbatia. Kisha akaomba aingie naye. Hakuna kilichobaki juu, akasema, nyumba ni tupu, na hapa mikeka imekwisha kutandikwa. Akatanguliza mguu. Mwenye nyumba akaweka mkono wake wenye unga mlangoni.

"Wewe hujaoshwa," akasema. Alisema kwa upole, lakini mkono haukuondoka.

Bi Mwanakombo akamfuta binti yake machozi kwa upindo wa nguo. Akamuuliza mtungi ameuacha wapi. Mize akasema kisimani. Mama akamwambia akauchukue, watu wa kisimani hawaaminiki. Kisha akasimama nje ya kizingiti, na ingawa mlango ulikuwa wazi na mwenye nyumba amesimama mbele yake anamtazama, alipiga hodi mara tatu, kwa kituo. Akakaribishwa, akaingia. Hakugeuka nyuma, kwa sababu alikuwa amefika.

Mize akarudi. Akaenda, akaenda, akaenda. Akatokea chumbani, akaufukia ufuo, akaukanyaga mpaka ukashikana. Akaenda kisimani, na mtungi akaukuta, kinyume cha maneno ya mama yake. Akateka maji akaja nao kichwani.

Alipofika nyumbani akasimama nje ya kizingiti.

"Hodi," akasema. Akangoja. "Hodi." Akangoja. "Hodi."

Hakuitikia mtu. Nyumba ilikuwa tupu kama alivyoiacha. Na desturi mnaijua: asiyeitikiwa ageuke arudi alikotoka. Lakini Mize angerudi wapi? Kule chini alikotoka hakumtaki bado. Akasimama pale, maji yanamchuruzika mgongoni, shingo inamuuma, mpaka kinywa chake kikafunguka chenyewe.

"Karibu, mwanangu," kikasema.

Ilikuwa sauti ya mama yake. Si inayofanana nayo, ni ile ile, na ukali wake mdogo mwishoni. Ilikuwa kooni mwake.

Mize akaingia ndani, akautua mtungi.

Hadithi yangu imeishia hapo kizingitini. Nami niliyoyabeba nimeyatua. Na funzo lake ni hili: msigombee jina la mwenye nyumba na hali hamjapiga hodi.